Nani Amenichoma

Nondo iliingia ardhini kirahisi mno. Fundi Heriel alikuwa amejiandaa kupiga nyundo mpaka mikono ife ganzi, maana mwaka ule wa themanini na nne mvua zilikuwa zimegoma, na udongo wa Babati ulikuwa umekauka ukapasuka kama visigino vya mkulima. Lakini pale nyuma ya ghala alipiga mara chache tu, na chuma kirefu kuliko yeye mwenyewe kikazama kama kisu kwenye ini. Pigo la mwisho lilipotua, kitu kilivuta pumzi chini ya miguu yake. Heriel alisimama na nyundo mkononi, akasikiliza. Harufu ya tope bichi ilipanda, ikamjaa puani, kisha ikapotea. Akajiambia kwamba ni hewa iliyokuwa imefungiwa huko chini, akainama kufunga waya.

Hilaria, mpiga mashine wa ofisi ile, alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Hakusogea karibu. Alikuwa amekwisha kumweleza asubuhi ile kwamba kwao, juu milimani upande wa Dareda, mahali panapobaki na majani mabichi katikati ya kiangazi hapachimbwi wala hapapigwi chuma. Mtu akipita hapo humwaga kidogo cha alichobeba, maziwa au maji, akaenda zake. Heriel alimsikiliza kwa adabu. Yeye alikuwa Mpare wa Usangi, Mlutheri, mtu wa kuelewana na watu, na hakutaka kumcheka binti wa wenyewe. Alimjibu tu kwamba kazi yake inahitaji unyevu, na unyevu uko hapo peke yake.

Alikuwa hasemi uongo. Ofisi ilikuwa ya Shirika la Maghala ya Kwaraa, vyumba viwili vya matofali vyenye ghala kubwa la bati nyuma yake, kandokando ya barabara iendayo Bonga. Ghala lilijaa mahindi ya wakulima. Huko vijijini kusini watu walikuwa wanachemsha mizizi, na mahindi yalikuwa yamelala Babati yakitobolewa na dumuzi, kwa sababu malori hayakuwa na dizeli, na kibali cha dizeli kilitoka Arusha, na Arusha haikuelewa inachoambiwa. Njia pekee ya kuongea nayo ilikuwa teleprinta, mashine nzito ya kijivu kama taipureta iliyonenepa. Hilaria akipiga maneno Babati, yalijichapa kwenye mashine ya Arusha. Wa Arusha wakijibu, majibu yalijichapa Babati kwenye karatasi iliyoviringishwa. Tangu kiangazi kikolee, mashine ilikuwa inatafuna herufi. Unaomba dizeli, huko wanapokea matapishi.

Heriel aliletwa na idara ya simu kutafuta ugonjwa. Alifungua kifuniko, akasafisha meno ya herufi, akabadilisha utepe wa wino, akapima mota. Akafuata nguzo za waya kwa miguu hadi nje ya mji, akikagua kila kikombe cha kaure kinachoshikilia waya. Vyote vizima. Ndipo akajua kwamba ugonjwa uko chini. Mashine ile ilikuwa na waya mmoja tu hewani. Njia ya kurudisha umeme ilikuwa ardhi yenyewe, kupitia nondo iliyochomekwa kando ya ukuta. Ardhi ikikauka, njia inakatika. Nondo ilitakiwa ihamie mahali penye maji, na kwenye kiwanja chote kile maji yalikuwa mahali pamoja tu, kipande cha majani ya kijani ukubwa wa mkeka.

Kwa hiyo aliipiga, akafunga waya, akaingia ndani akamwambia Hilaria ajaribu. Mashine ilicharaza safi. Arusha ikajibu papo hapo, kila herufi mahali pake. Meneja, Bwana Wolfgang, Mchaga wa Kibosho ambaye alikuwa amekonda kwa kusikiliza dumuzi wakitafuna mahindi ya watu, alitoka chumbani kwake akamshika Heriel mikono yote miwili. Alimwomba asiondoke kwanza, akae karibu na mashine hadi kibali kifike. Heriel alikubali bila shida. Basi la Arusha lenyewe lilikuwa limelala stendi kwa kukosa mafuta.

Kesho yake mchana jenereta ya ofisi ilizimwa ili kubana dizeli, kama kawaida. Ofisi ilikuwa kimya. Hilaria alikuwa anakula viazi mezani kwake, Heriel akisinzia kwenye benchi, jua limetanda sakafuni. Mashine ikaanza kupiga.

Ilipiga polepole, herufi moja, kisha nyingine, kama mtu anayejifunza. Hilaria aliweka kiazi chini. Heriel alinyanyuka akatazama swichi: imezimwa. Akachomoa plagi ukutani, akaishika mkononi mwake mwenyewe, na mashine ikaendelea kupiga. Kwenye karatasi palikuwa na neno moja.

NANI

"Labda ni Arusha wanatania," Hilaria alisema kwa sauti ya chini sana.

Heriel aliinamia karatasi. Aligusa herufi kwa kidole. Hazikuwa na wino. Zilikuwa za tope jeusi, bichi, lenye harufu ile aliyoisikia nyuma ya ghala. Mashine ikapiga tena, safari hii kwa haraka, vyuma vikigonga kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

NANI AMENICHOMA

Hilaria alimtazama fundi. Heriel aliichana karatasi ile akaikunja akaitia mfukoni, akamwomba asimwambie meneja, atalishughulikia mwenyewe.

Alikwenda nyuma ya ghala na koleo kubwa. Majani mabichi yalikuwa yamelala chini kuizunguka nondo, yote yameelekea upande wa nje, kama manyoya ya ng'ombe yanavyolala kuzunguka kidonda. Aliibana nondo kwa koleo, akavuta. Haikutikisika. Akatupa koleo, akaishika kwa mikono, akakita miguu, akavuta kwa uzito wake wote, na huko chini kitu nacho kikaishika, kikavuta. Hakikuvuta kwa ghafla. Kilivuta taratibu, kwa kumpima, hadi mabega ya Heriel yakalia na uso wake ukakaribia majani, na akasikia kwenye chuma mapigo kama ya moyo mkubwa unaopiga mbali. Aliachia, akaanguka chali, akarudi nyuma kwa makalio hadi mgongo ukagonga bati la ghala. Viganja vyake vilikuwa vimeiva vyekundu, lakini chuma kile kilikuwa baridi.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba kibali kikifika tu atakata nyaya zote, aondoke hata kwa miguu. Hilo ndilo alilojiambia, na usiku ule kwenye gesti ya Maisaka alilala na viatu.

Asubuhi walikuta mbwa wa Damasi, mlinzi wa ofisi, amekufa katikati ya kiwanja. Hakuwa na jeraha. Damasi alipomwinua kwa miguu ya nyuma, maji yalimwagika puani na mdomoni, maji mengi ya tope, yakamwagika na kumwagika, na ardhi ile yenye kiu haikuyanywa. Damasi, mtu mzima aliyekuwa amepigana Uganda na si mwoga, alimbeba mbwa wake akaenda kumzika mbali na hapo. Aliporudi alimuuliza Heriel kwa upole kama ile kazi ya nyuma ya ghala ilikuwa ya lazima. Heriel alisema ilikuwa ya lazima.

Siku hiyo mashine haikunyamaza. Jenereta iwake isiwake, ilipiga swali lilelile, mstari baada ya mstari, karatasi ikashuka mezani, ikatanda sakafuni. Kibali cha dizeli hakikuweza kupita, kwa sababu mashine inayouliza haiwezi kupokea. Bwana Wolfgang alikuwa amevumilia vya kutosha. Aliamini kuna mpiga mashine mlevi mahali fulani kwenye njia, anayewachezea watu wenye njaa. Alimwambia Hilaria ainuke, akakaa mwenyewe kwenye kiti.

Heriel alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma yake. Alijua. Alifungua mdomo, na alichokuwa anataka kusema kilikuwa tayari kwenye ulimi: usijibu, siyo wewe unayeulizwa. Lakini akisema hivyo atalazimika kusema ni nani anayeulizwa. Akafunga mdomo.

Meneja alipiga kwa vidole viwili, kwa hasira. MIMI NI MENEJA WOLFGANG. MIMI NDIYE MWENYE OFISI HII. WEWE NANI.

Mashine ikanyamaza. Nje kunguru nao walinyamaza. Kisha vyuma vya herufi vilinyanyuka vyote kwa pamoja, jambo ambalo havikutengenezwa kuliweza, vikashuka juu ya vidole vya Wolfgang vikiwa bado kwenye vitufe, na Heriel akasikia mifupa ikivunjika kama kuni kavu, na meneja akapiga kelele na kujaribu kuchomoa mikono lakini vyuma vilikuwa vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, vikimchapa herufi kwenye nyama, na kelele yake ikageuka katikati ikawa mkoromo kwa sababu maji yalikuwa yanamtoka mdomoni, maji ya tope, yakimwagika kifuani juu ya shati lake jeupe, na alikuwa anazama, mtu mzima ameketi kwenye kiti ndani ya chumba kikavu chenye jua dirishani alikuwa anazama, macho yamemtoka akiwatazama, miguu ikipiga sakafu, na Hilaria alimkumbatia kiunoni akimvuta na Heriel naye akamshika bega, ndipo kitu kikampokonya meneja mikononi mwao, kikamnyanyua na kiti chake na kumbamiza ukutani, kisha darini, kisha ukutani tena, hadi plasta ikadondoka na ukuta ukawa na alama zake.

Alipoanguka chini alikuwa amekwisha. Maji yaliendelea kumtoka puani kwa muda mrefu.

Polisi walikuja, wakatazama, wakaandika wanachoweza kukiandika. Daktari alisema mapafu yamejaa maji yenye majani, na hakutaka kusema zaidi. Hakukuwa na mafuta ya kumpeleka Kibosho, kwa hiyo Wolfgang alizikwa Babati, katika udongo mgumu uliowatoa jasho wachimbaji. Mkewe Aikande, ambaye watu walimwita Mama Romana kwa jina la binti yake, alisimama kaburini bila kulia. Baadaye alimfuata Heriel, akamuuliza kama mumewe alisema lolote mwishoni. Heriel alimjibu kwamba hakusema kitu, yalitokea ghafla. Hakuweza kumtazama usoni.

Kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja ofisini, akapanda nguzo akakata waya wa Arusha, akaingia ndani akakata na waya wa ardhini. Mashine ikabaki haijaungwa na kitu chochote duniani. Hilaria alikuwa amekuja kuchukua sweta yake. Damasi alikuwa mlangoni. Wote watatu waliona mashine ikipiga neno moja, taratibu, kwa tope.

SIYE

Hilaria alicheka. Kicheko hakikuwa chake. Kilitoka chini sana, kikiwa na mapovu ndani. Alikuwa msichana mwembamba, wa kuimba kwaya kanisani. Alimrukia Damasi shingoni, akamwangusha, akamng'ata sikio akalitoa, akalitema, na Damasi mwenye nguvu zote zile hakuweza kumwondoa. Hilaria aliinua meza ya chuma akaitupa dirishani pamoja na fremu. Alimshika Heriel nywele, akauvuta uso wake karibu na wa kwake. Pumzi yake ilikuwa baridi na ilinuka tope.

"Nani?" kilimuuliza kwa mdomo wa Hilaria, kama mtu anayebembeleza mtoto. "Nani?"

Heriel alitikisa kichwa. Kitu kile kilimtupa kando, kikaanza kumpiga Hilaria mwenyewe, kichwa chake ukutani, mara kwa mara, kwa subira. Walifanikiwa kumfunga kwa kamba za magunia, watu wa jirani wakisaidia, na wawili kati yao walivunjwa mikono. Alipokuwa amefungwa, maji yakaanza kumtoka mdomoni kidogokidogo.

Damasi, shati limelowa damu, alikwenda kijijini Mutuka kwa baiskeli kumwita Evangelina, mwanamke aliyejulikana kwa kutoa mapepo.

Heriel alitegemea ajuza mwenye hirizi. Aliyekuja ni mama wa makamo, mrefu, mkulima, miguu ina vumbi la shambani, rozari shingoni. Alikuja na kondoo mweusi kwenye kamba na kibuyu cha maziwa. Heriel alimsalimu shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kusimama. Alimtazama Hilaria, akamfuta mdomo kwa kanga yake. Akaenda nyuma ya ghala. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani alipiga chuma hiki?" aliuliza.

Watu walikuwa wengi mle ndani na nje ya dirisha lililovunjika. Damasi alitazama sakafu. Hilaria alikohoa maji.

"Ninyi mnaita jini," Evangelina alisema, kwa Kiswahili chake cha milimani, kizito. "Kwetu ni mwenye maji. Alikuwa amelala. Mtu amemchoma mwilini, na chuma kiko bado ndani yake. Angekuwa mmoja wenu, angefanya nini? Huyu binti hatafika jioni. Mimi sina nguvu ya kumtoa kama sijui nani amempiga. Naye hana haja na binti. Anauliza tu."

Heriel alimtazama Hilaria. Paji la uso lilikuwa limepasuka, nywele zimelowa damu na tope, na jicho moja, chini ya kitu kile kilichokuwa kinamtumia, lilikuwa jicho lake mwenyewe, linamtazama yeye. Binti alikuwa amejua tangu mwanzo na hakumtaja. Hata sasa hakumtaja.

"Ni mimi," Heriel alisema.

Evangelina hakumlaumu. Alimsogelea, akaongea karibu na sikio lake ili wengine wasisikie. "Amekuuliza kwa mashine. Mjibu kwa mashine. Akikuacha hapo hapo, umepona. Lakini hatakuacha. Kimbia uende kwenye chuma ukitoe wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Atakuumiza. Usiachie. Ukiachia, sitakuwa na la kufanya, kwako wala kwa binti."

Heriel alikaa kwenye kiti. Kwenye vitufe palikuwa bado na damu ya Wolfgang, imekauka. Alipiga: NI MIMI HERIEL. NIMEKUCHOMA MIMI. WOLFGANG HAKUHUSIKA.

Nyuma yake Hilaria alivuta pumzi ndefu, pumzi kavu, akaita mama yake kwa Kiiraqw. Heriel hakungoja. Alitoka mlango wa nyuma mbio, na alikuwa hajafika katikati ya kiwanja alipopigwa mgongoni na kitu asichokiona, akala vumbi, akainuka, akapigwa tena, mbavu zikalia, na maji yakaanza kumpanda kooni kutoka ndani, baridi, yenye ladha ya mizizi na chuma, akayatapika na kutambaa, akayatapika na kutambaa, na mabati ya ghala yalikuwa yanapigwa yote kwa pamoja kama yanapigwa kwa mawe ingawa hapakuwa na jiwe, na wale watu waliokuwa wakitazama walikuwa wamekimbia wote isipokuwa Evangelina aliyemfuata nyuma na kondoo wake akisema maneno ambayo Heriel hakuyaelewa, na alipoufikia mkeka ule wa majani aliishika nondo kwa mkono wa kulia, akafunga vidole.

Huko chini kitu kikaushika mkono wake kupitia chuma. Aliona vidole vyake vikibonyea kana kwamba vimeshikwa na mkono mwingine mkubwa zaidi, akaona kidole cha kwanza kikivunjika, kisha cha pili, ngozi ikipasuka, na kila kitu mwilini mwake kilimwambia aachie, na macho yake yalikuwa yamejaa maji hata hakuona jua tena, alikuwa amezama kabisa, yuko chini ya maji ya kijani yasiyo na mwisho, na mbele yake, kwenye giza la maji yale, aliona ubavu mpana unaopanda na kushuka, na chuma chake kimeuchoma katikati, na kidonda kinachotokota. Hapo ndipo alipoacha kuogopa kwa muda mfupi. Kilikuwa kinaumia. Kilikuwa kinaumia kama kitu chochote chenye uhai.

Alivuta. Alivuta kwa mkono uliovunjika kwa sababu hakuwa na namna ya kuufungua, akaegemea nyuma, miguu ikachimba, na chuma kikasogea kidogo, kikasogea tena, kikaja kwa mlio mmoja mrefu uliosikika hadi Maisaka, na watu waliousikia hawakuwahi kukubaliana kama ulikuwa wa mnyama au wa mtu au wa Heriel.

Nondo ilitoka. Evangelina alimchinja kondoo pale pale, damu ikaingia shimoni, akamimina maziwa yote ya kibuyu juu yake, akapiga magoti akaziba shimo kwa viganja vyake, akaongea na ardhi kama mama anavyoongea na mgonjwa. Mabati yakatulia. Harufu ya tope ikafifia. Heriel alikuwa amelala kifudifudi, nondo bado imo mkononi, na ilibidi Damasi amfungue vidole, au kilichobaki cha vidole, kimoja kimoja.

Mkono ulikatwa hospitalini, juu kidogo ya kifundo. Hilaria alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, kichwa kimeshonwa. Alipopata nguvu za kutembea alikuja akakaa kando ya kitanda cha Heriel. Heriel alimuuliza kwa nini hakumtaja kwa Evangelina. Alisema alijaribu, lakini kila alipofungua mdomo palitoka maji. Kisha akasema hiyo si kweli, angeweza. Ila alitaka aseme mwenyewe. Hakurudi tena kwenye kazi ya mashine. Alirudi Dareda.

Malori yalikuja hatimaye, kwa kibali kilicholetwa kwa mkono, yakabeba mahindi yaliyobaki. Ofisi ilifungwa. Mashine hakuna aliyetaka kuigusa. Walijenga ukuta wa matofali mbele ya mlango wa chumba kile.

Pale nyuma ya ghala maji yalitoka. Shimo la nondo lilibubujika, yakawa chemchemi ndogo safi, na kwa kuwa kiangazi kilikuwa bado hakijaisha, wanawake walianza kuja na ndoo za plastiki. Evangelina aliwaruhusu, mradi kila mmoja akimaliza kuteka amwage chini kidogo. Chuma chochote hakikuruhusiwa. Waliteka kwa vibuyu.

Heriel alitolewa hospitali, akaambiwa idara haina kazi kwa fundi wa mkono mmoja. Kabla ya kupanda basi alikwenda chemchemini. Alimkuta Aikande amechuchumaa, kitambaa cheusi kichwani, anajaza ndoo yake kwa kibuyu, taratibu. Alisimama akimngoja amalize.

"Mama Romana," alisema, "siku ile kaburini nilikudanganya."

Akamweleza yote. Alimweleza juu ya nondo, na swali, na jinsi alivyosimama nyuma ya kiti mdomo wazi. Hakuacha kitu. Aikande alimsikiliza macho yakiwa kwenye maji.

"Kwa hiyo ungesema wewe, Baba Romana angekuwapo," alisema mwishowe.

"Angekuwapo."

Mwanamke yule alichota kibuyu kimoja, akamwaga chini kama walivyofundishwa, akaangalia hadi ardhi ikameza yote. Kisha akakunja kata ya kitambaa, akaiweka kichwani, akapiga goti mbele ya ndoo iliyojaa.

"Nitwishe," alimwambia.

Heriel aliinama. Kwa mkono mmoja ndoo haikuinuka. Alipiga magoti matopeni, akapenyeza kile kigutu chake chini ya ndoo, kidonda kikafunguka chini ya bandeji, damu ikachirizika ubavuni mwa ndoo, naye akasukuma, akainuka nayo pole pole hadi ikakaa juu ya kata. Aikande alinyoosha mgongo, akaishika ndoo kwa vidole viwili, akaondoka kuelekea nyumbani, na hakugeuka.